Je, Ni Halali Serikali Kuchungulia Fedha za Watu Wote?

Kwa jina la Mwenyezi Mungu twaanza, naye ndiye wa kuombwa msaada.

Ama baad. Ndugu zetu wasomaji, katika kijitabu hiki tumekusudia kulijibu swali tuliloulizwa barazani, nasi siku ile hatukuwa na jawabu ya kutosha. Swali lenyewe ni hili: Je, Serikali ina haki ya kuyasoma mahesabu ya fedha ambazo watu hupelekeana toka nchi hata nchi, bila ya wenyewe kujua, na bila ya kuwatuhumu kwa jambo lolote? Wako wasemao kuwa ni haki tupu, na wako wasemao kuwa ni dhuluma tupu. Sisi twaona kuwa kila upande umeshika nusu ya kweli. Na nusu ya kweli mara nyingi humpoteza mtu zaidi kuliko uwongo mzima, kwa kuwa uwongo mzima hujulikana upesi.

Sababu ya kuulizwa swali hili ni jambo lililotupata nyumbani kwetu. Dada yangu mkubwa aliingiwa na mtoto wa jicho, akaambiwa na daktari kuwa hana budi kupasuliwa. Mwanawe afanya kazi Maskati, akatuma fedha za matibabu kwa njia ya benki. Zikapita siku tatu, zikawa saba, zikawa kumi na tisa. Fedha hazikufika wala hazikurudi. Nikaenda mimi mwenyewe benki, na jina la benki hiyo silitaji, kwani haja yetu si kumfedhehesha mtu. Karani akatazama mtamboni mwake, akasema:

"Sheikh, fedha zenu zimezuiliwa njiani."

Nikamwuliza, "Zimezuiliwa na nani?"

Akasema, "Sijui."

"Kwa sababu gani?"

"Sijui."

"Basi nimwendee nani nikajieleze?"

Yule kijana akainama kwa haya, akasema, "Wallahi mzee wangu, hata hilo silijui."

Mwisho wake fedha zilifika, bila ya neno la maelezo wala la kutaka radhi. Sisi tukadhani kuwa huenda ni kwa ajili ya jina, kwani mpwa wangu huyo ana jina ambalo maelfu ya watu wanalo toka Lamu hata Jakarta. Lakini hiyo ni dhana yetu tu, wala hatuna wa kutuambia kama ni kweli au si kweli. Na hilo hasa ndilo lililotuuma. Kucheleweshewa fedha ni shida ndogo. Shida kubwa ni kuhukumiwa mahali usipopajua, na mtu usiyemjua, kwa jambo usilolijua.

Nilipolisimulia jambo hili barazani, mzee mmoja aliyefanya kazi ya majahazi katika ujana wake alisema, "Zamani ukimpa nahodha amana akupelekee Sheheri, akiichelewesha waijua nyumba yake, utakwenda kumgongea. Nahodha wa siku hizi hana nyumba." Kijana mmoja mwalimu wa skuli akamjibu kwa adabu, "Ni kweli, mzee wangu. Lakini nahodha huyo huyo angeweza kupewa kifurushi kilichofungwa vizuri, ndani yake mna baruti ya kuulia watu, naye asijue. Je, mwenye bandari asikifungue?" Baraza lote likanyamaza. Katika kunyamaza huko ndipo yalipotoka maneno haya tunayoyaandika.

NAMNA FEDHA ZINAVYOSAFIRI

Kabla ya kuhukumu jambo, sharti mtu alijue lilivyo. Huenda msomaji akadhani kuwa fedha zikitumwa toka Maskati hata Mombasa, kuna mtu au chombo kilichozichukua. Sivyo. Kinachosafiri ni maneno. Benki ya kule huiambia benki ya huku: mpeni fulani bin fulani kiasi kadha, nasi tutahesabiana baadaye. Jambo hili si geni kwetu. Wazee wetu walilijua kwa jina la hawala, na mafakihi wameliwekea mlango wake katika vitabu vyao, nao ni deni kuhamishwa toka dhima ya mtu mmoja kuingia katika dhima ya mtu mwengine. Mfanyabiashara wa pwani aliweza kutoa fedha hapa, na ndugu yake akazipokea ng'ambo kwa kipande cha karatasi, na kilichoibeba fedha hiyo kilikuwa ni uaminifu tu.

Benki kubwa nazo zina tarishi wao. Mwaka 1973 benki 239 za nchi 15 ziliungana zikaunda shirika katika nchi ya Ubelgiji, likaitwa SWIFT, na makao yake makuu yako La Hulpe, karibu na mji wa Brussels. Shirika hili haliweki fedha ya mtu wala halikopeshi. Kazi yake ni kuchukua maneno ya benki moja kuyafikisha kwa benki nyengine. Hivi leo benki na majumba ya fedha zaidi ya 11,000, katika nchi zaidi ya 200, hupelekeana maneno yao kwa njia hiyo. Na katika maneno hayo mna jina la anayetoa, jina la anayepokea, nambari za akaunti zao, kiasi cha fedha, na siku yenyewe.

Sasa fikiri, ewe msomaji. Mtu anayeyasoma maneno hayo yote ni kama aliyekaa mlangoni mwa kila nyumba duniani, akimwona kila anayeingia na mfuko na kila anayetoka nao. Atajua ni nani alipaye deni, na ni nani asiyelipa. Nani amuuguzaye mzee wake, na nani aliyemtupa. Nani alishaye mayatima kwa siri, na nani ana mke wa pili mji mwengine ambaye habari zake hazijafika nyumbani. Wahenga wetu wamesema, siri ya mtungi aijuaye kata. Aliyeipata kata ameipata siri ya mtungi.

YALIYOTOKEA

Tarehe 11 Septemba 2001 Marekani ilishambuliwa, na watu karibu 3,000 wakauawa. Baada ya msiba huo Wizara ya Fedha ya Marekani ilianza kulitaka shirika la SWIFT liipe nakala za maneno ya benki. Shirika lilikuwa likiweka nakala zake mahali pawili, Uholanzi na Marekani, na kwa kuwa nakala moja ilikuwa ndani ya ardhi ya Marekani, sheria ya Marekani iliweza kuifikia. Amri hizo hazikuwa hati za hakimu zenye kumtaja mtu mmoja kwa jina lake na kosa lake. Zilikuwa ni amri za Wizara yenyewe, nazo zilitaka mafungu makubwa ya maneno kwa pamoja, kisha watu wa Serikali wakatafuta ndani yake majina waliyoyatuhumu.

Jambo hili lilikuwa siri kwa karibu miaka mitano. Tarehe 23 Juni 2006 gazeti la New York Times, na magazeti mengine ya huko, yalilitoa wazi. Serikali iliwaomba wenye gazeti hilo wasiliandike, nao hawakukubali, na Rais George W. Bush akawalaumu kwa ukali. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo tume ya Ubelgiji yenye kulinda siri za watu ilisema kuwa SWIFT imekwenda kinyume cha sheria. Na kwa insafu tuseme pia kuwa mwaka 2008 tume hiyo hiyo, baada ya uchunguzi mrefu zaidi, ililiondolea shirika lawama.

Kisha jambo likafika katika Bunge la Ulaya. Tarehe 11 Februari 2010 Bunge hilo liliyakataa mapatano ya kuwapa Wamarekani maneno hayo, kwa kura 378 kwa 196. Mapatano yakarekebishwa, na tarehe 8 Julai mwaka huo huo yakakubaliwa kwa kura 484 kwa 109, yakaanza kutumika tarehe 1 Agosti 2010. Tutarudi kuyataja masharti yake, maana humo mna mafunzo.

HOJA ZA WANAOSEMA YAFAA

Mwenye insafu huanza kwa kuisikiliza hoja ya mwenzake, tena huieleza kwa nguvu zake zote. Wanaotetea jambo hili wasema: Muuaji hawezi kuua watu wengi bila ya fedha. Atakodi nyumba, atanunua gari, atasafiri, atalisha wafuasi wake. Mdomo wake waweza kusema uwongo, lakini hesabu yake haisemi uwongo. Basi ukiifuata fedha utamfikia mtu.

Hoja hii si ya kuchezewa, na sisi watu wa pwani hii ya Afrika ndio wa mwisho wenye haki ya kuichezea. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalipasuka Nairobi na Dar es Salaam kwa saa moja, yakaua watu zaidi ya 200 na kujeruhi maelfu. Waliokufa wengi wao walikuwa watu wa kawaida, makarani, wapita njia, abiria. Waislamu walikuwamo na wasiokuwa Waislamu walikuwamo. Kama kungalikuwa na mtu aliyeiona fedha ya mabomu yale ikipita, akanyamaza kwa kusema kuwa siri ya mtu ni amana, tungalimwitaje mtu huyo? Asiseme mtu kuwa fedha isifuatwe kabisa. Huyo hakumfikiria mjane wa Nairobi.

KISA CHA SAYYIDNA UMAR

Lakini jambo kuwa na lengo jema hakulifanyi kuwa jema kwa kila njia. Imamu Ghazali, katika kitabu chake Ihya, amekitaja kisa mashuhuri cha Sayyidna Umar, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake. Alikuwa akizunguka Madina usiku, akasikia sauti ya mtu akiimba nyumbani kwake. Akapanda ukuta, akamkuta yule mtu na ulevi na mwanamke. Alipomkaripia, mtu yule alimjibu kuwa, ikiwa yeye ameasi katika jambo moja, Amiri wa Waumini ameasi katika mambo matatu: amepeleleza, na kupeleleza kumekatazwa, amepitia ukutani, na watu wameamrishwa kuingia majumbani kwa milango, na ameingia bila ya kubisha hodi wala kutoa salamu. Sayyidna Umar akakubali, akamwacha.

Litazameni jambo moja ambalo wengi hulipita. Umar hakukosea katika dhana yake! Mtu yule alikuwa na kosa kweli, na ulevi ulikuwapo mbele ya macho. Lau kama kupata kitu kungetakasa njia ya kukipatia, Umar angalikuwa na hoja kubwa ya kumshinda yule mtu. Hakuitumia, kwa kuwa alijua kuwa akiruhusu ukuta mmoja kupandwa kwa sababu ndani mna kosa, kuta zote za Madina zitapandwa ili ijulikane ni ipi yenye kosa.

Sasa yapimeni makosa yale matatu kwa jambo letu. La kwanza ni kupeleleza pasi na tuhuma. Maneno yaliyochukuliwa hayakuwa ya watuhumiwa peke yao. Yalikuwa ya wauguzi, na wavuvi, na wanafunzi, na mama wajane, yote katika fungu moja. La pili ni kuingia kwa ukuta. Mlango wa jambo hili ni hakimu: mtu amwendee akiwa na jina na sababu, naye hakimu apime akubali au akatae. Wizara kujiandikia amri yenyewe ni kujijengea ngazi ya kupandia. La tatu ni kuingia bila ya hodi. Mwenye nyumba hakujua wakati ule, wala baada yake, hata usalama wake ulipokwisha thibitika.

LAKINI JE, HAKUNA RUHUSA KABISA?

Ruhusa iko, na wanavyuoni hawakuiacha bila ya kuipimia mipaka. Imamu Mawardi, katika kitabu chake cha hukumu za utawala, amesema kuwa msimamizi wa mambo ya watu hana haki ya kupekua yaliyofichika. Ila ameacha mlango mmoja wazi: akijiwa na mtu mwaminifu akamwambia kuwa fulani amejifungia na fulani ili amuue, hapo yafaa kwenda na kufungua, kwa kuwa akingoja litatokea jambo lisiloweza kurudishwa.

Katika ruhusa hii mna mambo matatu, nayo ni mizani yetu. Pana khabari ya kuaminika, wala si dhana tupu. Pana mtu maalumu, wala si mji mzima. Na pana madhara yasiyorudishika, kama roho ya mtu, wala si kila kosa dogo. Yakikutana matatu haya, kuifuata fedha ya mtu yule ni halali, bali twaona ni wajibu. Yakikosekana, ni kupanda ukuta.

Mfano wake ni mvuvi. Mwenye mshipi hutia chambo kwa samaki anayemtaka, na akivuta asiyemtaka humrudisha majini angali hai. Mwenye juya hukokota kila kilicho baharini, wakubwa na watoto na mayai, kisha hukaa pwani akachagua. Huyu wa pili hushiba leo. Lakini kila mtu wa pwani ajua kinachoupata mwamba ambao juya limekokotwa juu yake kwa miaka.

"ASIYE NA LAKE HANA LA KUOGOPA"

Hili ndilo neno tunalolisikia zaidi, na wengine katika sisi hulisema kwa kudhani kuwa ni hekima. Tutalijibu kwa njia tatu.

Kwanza, sitara haikuwekwa kwa ajili ya waovu. Mtu mwema hufunga mlango wake anapooga, wala hana dhambi katika kuoga. Atoaye sadaka amefundishwa kuificha, hata mkono wake wa kushoto usijue. Mwenye deni huficha deni lake ili asidharauliwe, na mgonjwa huficha ugonjwa wake ili asihurumiwe kwa namna ya kumvunja moyo. Kuyafunua yote haya kwa mtu usiyemjua ni kumvunjia mtu heshima, hata kama hakuna hasara ya fedha.

Pili, asiye na kosa ana la kuogopa, nalo ni kukosea kwa yule anayemtazama. Mnalikumbuka jambo la Al-Barakaat. Hili lilikuwa shirika kubwa kuliko yote la kupeleka fedha Somalia, na nchi ile ilikuwa haina benki za kutegemewa tangu Serikali yake ilipoanguka mwaka 1991. Tarehe 7 Novemba 2001 Marekani ilitangaza kuwa shirika hilo lawasaidia wauaji, ofisi zake zikafungwa na mali yake ikazuiliwa. Watu waliotegemea fedha za watoto wao toka ng'ambo wakabaki na karatasi mkononi. Mwaka 2004 wachunguzi wa tume ya Marekani yenyewe, iliyoundwa kuchunguza shambulio lile, waliandika kuwa ushahidi wa tuhuma hiyo haukupatikana. Tena waliandika kuwa gharama za shambulio, baina ya dola 400,000 na 500,000, zilipitia kwa sehemu kubwa katika benki za kawaida kabisa, zenye milango ya kioo. Na tarehe 3 Septemba 2008 Mahakama ya Ulaya, katika kesi ya Kadi na Al-Barakaat, ilibatilisha amri ya Ulaya ya kuwazuilia mali zao, kwa kuwa hawakuelezwa ushahidi uliotumika juu yao wala hawakupewa nafasi ya kujitetea. Miaka saba! Mahakama ilisema haki, lakini miaka saba ni mirefu kwa mtu aliyekuwa akingojea unga.

Tatu, ajuaye yote ya watu ana mamlaka juu yao, hata kama hajafanya neno. Mtu akijua kuwa atazamwa, huacha hata la halali. Ataogopa kupeleka zaka yake kwa maskini wa nchi yenye vita. Ataogopa kumsaidia jamaa aliyefungwa. Ataogopa kuchangia wakili. Hakuna aliyemkataza, amejikataza mwenyewe. Na mji ambao watu wake hujikataza kheri kwa hofu umekwisha kudhurika, hata kama hakuna aliyekamatwa.

YA KWETU HAPA

Msomaji asidhani kuwa haya ni mambo ya Ulaya na Marekani. Tarehe 2 Aprili 2015 wauaji waliingia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Mwenyezi Mungu awape subira wazazi wao. Baada ya siku chache Benki Kuu ya Kenya ilisimamisha leseni za mashirika 13 ya kupeleka fedha, ambayo Wasomali wengi waliyategemea, na yakakaa yamefungwa hata mwezi wa Juni. Katika siku zile zile akaunti za jumuia mbili za kutetea haki za watu zilizoko pwani, Haki Africa na MUHURI, zilizuiliwa. Jumuia hizo zikaenda Mahakama Kuu ya Mombasa, na kabla ya mwaka kwisha Mahakama ikaamuru akaunti zao zifunguliwe.

Katika jambo hili mna masikitiko na mna faraja. Masikitiko ni kuwa adhabu ilitangulia hukumu. Faraja ni kuwa mlango ulikuwapo, nao uligongwa, na hakimu akafungua. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu chake cha 31, imempa kila mtu haki ya siri zake, na Katiba ya Tanzania imelisema jambo hilo katika ibara ya 16. Haki iliyoandikwa isipodaiwa huwa kama kisima kisichotekwa maji. Hufukiwa na mchanga.

Na kule Ulaya nako kugonga mlango kulileta faida. Mapatano ya mwaka 2010 yaliweka masharti: jumuia ya polisi ya Ulaya, Europol, ipime kila ombi la Wamarekani kabla ya maneno kutolewa, asitafutwe mtu ila kwa sababu ya kumdhania ugaidi, maneno yasiyotumika yasikae zaidi ya miaka mitano, na mtu awe na njia ya kuuliza habari zake. Haya ni mema kuliko yaliyotangulia. Lakini mlinzi naye ahitaji kulindwa: mwaka 2011 wakaguzi waliitazama kazi ya Europol wakaona kuwa maombi waliyoyakubali yalikuwa ya jumla mno, hata ilikuwa vigumu kujua yamepimwa kwa mizani gani. Na mwaka 2013, baada ya karatasi za Edward Snowden kutoka, Bunge la Ulaya lilitaka mapatano yasimamishwe, wala hayakusimamishwa. Juya limetiwa masharti, lakini lingali juya.

NASI WENYEWE JE?

Si insafu kumlaumu mwenye jicho kubwa tukayasahau macho yetu madogo. Ni wangapi katika sisi washikao simu ya mwenzao wakasoma ni nani aliyemtumia fedha na kiasi gani? Ni mawakala wangapi wa fedha za simu, wenye vibanda mitaani, waonao salio la mtu kisha likawa ni mazungumzo ya kahawa? Yule ameaminiwa, naye ameiuza amana kwa kikombe kimoja. Hatuwezi kuidai Serikali iheshimu siri tusiyoiheshimu sisi.

Tena wako wafanyabiashara wetu ambao huandika bei za uwongo katika hati za bidhaa, na wako waitumiao hawala kupitishia mali ya magendo au ya madawa ya kulevya, kisha wakiulizwa husema kuwa wanaonewa kwa sababu ya dini yao. Watu hawa ndio waliompa mpelelezi hoja yake. Mwenye kupokea amana za watu na aandike: jina la mtoaji, jina la mpokeaji, kiasi, siku, na mashahidi. Tumeamrishwa kuandika madeni kabla hazijaundwa benki za Ulaya. Daftari lililo safi ni ngao ya mtu mbele ya hakimu. Asiye na daftari hubaki na kiapo tu.

KHITIMISHO

Jawabu yetu basi ni hii. Serikali kuifuata fedha ya mtu aliyetuhumiwa kwa khabari ya kweli, katika madhara makubwa, kwa hati ya hakimu, na kwa kumpa nafasi ya kujitetea, ni halali na ni katika kulinda roho za watu. Ama kuyakusanya mahesabu ya watu wote ili atafutwe mwovu ndani yake, hayo ni kupanda kuta za watu wote. Hakuhalalishwi na kuwa mara nyengine aliyepanda hukuta kweli mna kosa, kama vile hakukuhalalishwa kwa aliye bora kuliko watawala wote tuwajuao hivi leo.

Na yapasa kila atakayezuiliwa fedha yake asikae kimya. Na aandike barua kwa benki yake, aulize sababu kwa maandishi, aweke nakala. Akikosa jawabu amwendee mwenye kusimamia benki, kisha mwanasheria. Mimi sikuandika barua wakati ule. Nilishukuru fedha zilipofika, nikarudi nyumbani, na dada yangu akapasuliwa jicho, na sasa anaona, alhamdulillahi. Lakini kila nikipita mbele ya benki ile humkumbuka yule karani alivyoinama, nami hujua kuwa kuna hodi niliyopaswa kuibisha nisiibishe.

Haya ndiyo tuliyoyaona. Tukipata ni kwa taufiki ya Mwenyezi Mungu, na tukikosea ni kwa nafsi zetu, na aliye na lililo bora kuliko hili na atuandikie, nasi tutalipokea kwa shukrani. Wallahu aalam.